Msitu Uliohesabiwa Mara Nyingi: Kuni, Maji na Kaboni Magharibi mwa Australia

Wengi wetu tuliozaliwa huku ughaibuni tunaujua mkaratusi kama mti wa Kenya. Tukienda likizo tunauona umepangwa mistari kando ya barabara za nyanda za juu, umekuwa nguzo za umeme, umekuwa kuni za kukaushia majani ya chai. Babu yangu huuita mwizi, kwa sababu anaamini umekunywa kijito alichokuwa akiogelea utotoni. Lakini mti huu ni mgeni Kenya. Uliingia mwanzoni mwa karne ya 20, kama mwaka 1902, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikitafuta mti wa kukua haraka ili garimoshi za reli ya Uganda zipate kuni. Makala haya yanahusu kwao, yaani Australia, na hasa msitu mmoja mkavu ambako watu wamekuwa wakiihesabu mikaratusi kwa zaidi ya miaka 120, kila kizazi kwa sababu zake.

Msitu huo uko magharibi mwa nchi, mashariki ya jiji la Perth, na siku hizi unajulikana kama Great Western Woodlands. Ukubwa wake ni takriban hekta milioni 16, kwa hiyo ni mkubwa kuliko Malawi nzima. Mvua ni haba: kwenye upande wa kaskazini, penye kituo cha Credo nitakachokieleza baadaye, wastani ni kama milimita 240 kwa mwaka. Kwa anayeijua Kenya, kiasi hicho hakiko mbali na cha Lodwar. Mahali penye mvua ya namna hiyo tungetarajia vichaka na nyasi, lakini hapa imesimama mikaratusi yenye urefu wa mita 18, mingine zaidi ya 20, magome yake laini yaking'aa rangi ya machungwa baada ya mvua. Majani yananing'inia wima ili jua la adhuhuri lisiyapige usoni, na mizizi inashuka chini sana. Hakuna sehemu nyingine duniani yenye msitu mkubwa hivi wa tabianchi ya namna hii ambao haujakatwakatwa vipande vipande. Lakini hiyo haina maana kwamba haukuguswa.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya kuni. Mwaka 1892 dhahabu iligunduliwa Coolgardie, na mwaka uliofuata Kalgoorlie. Maelfu ya watu wakamiminika katika nchi isiyo na mto hata mmoja wa kutegemewa. Maji yaliyokuwapo yalikuwa ya maziwa ya chumvi na ya visima vyenye chumvi, na ilibidi yakenekwe, yaani yachemshwe na mvuke wake ukusanywe upoe. Kila galoni ya maji ya kunywa iligharimu kuni. Hivyo kabla hata ya migodi kufika chini sana, msitu ulishaanza kuchomwa ili watu wapate maji. Mizigo, maji yakiwemo, ilibebwa na ngamia wakiongozwa na wachungaji waliotoka Afghanistan na India ya Waingereza, wengi wao Waislamu, na Coolgardie ilikuwa na msikiti wao. Kiu iliwafanya watu wakali. Mwaka 1894 ugomvi kwenye dimbwi moja la njiani, uliohusu Waislamu kuyatumia maji kwa kuoga na udhu, uliishia kwa risasi na mauti, na aliyefyatua aliachiliwa na mahakama.

Serikali ya koloni iliamua kuleta maji kwa bomba. Mhandisi C. Y. O'Connor alibuni bomba la kilomita takriban 530 kutoka bwawa la Mundaring, karibu na Perth, hadi Kalgoorlie, likisukumwa na vituo 8 vya pampu za mvuke. Magazetini alishambuliwa vibaya, na Machi 1902 alijiua. Maji yalifika Januari 1903. Hadithi hiyo kila mtoto wa shule wa Australia Magharibi anaifahamu, kwa hiyo siirefushi.

Isiyojulikana sana ni hadithi ya reli za kuni. Migodi ilitaka mvuke wa kuendesha mashine na nguzo za kuzuia mashimo yasiporomoke. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1890 makampuni yalijenga reli nyepesi kuingia msituni. Miti ya eneo moja ilipokwisha, reli zilingolewa zikatandazwa mbele, na kambi za wakata kuni, pamoja na nyumba zao za turubai na mabati, zikahama nazo. Wakataji wengi walikuwa wahamiaji kutoka Italia na nchi za Waslavi wa kusini, watu waliolipwa kwa tani. Mamilioni ya tani za mikaratusi yaliingia katika moto wa migodi hadi reli ya mwisho ilipofungwa katikati ya miaka ya 1960. Mtu akitembea leo kuzunguka Kalgoorlie anatembea katika msitu uliozaliwa upya, wenye visiki vya zamani katikati ya miti myembamba. Ukweli huo una uzito mkubwa katika hesabu ya kaboni, kwa sababu msitu mchanga unaokua na msitu mzee uliotulia havuti hewa kwa namna moja.

Nikisoma habari hizi nilishangaa jinsi zinavyofanana na zetu. Miaka ile ile ambayo mikaratusi ilipandwa Kenya ili kulisha garimoshi, huko kwao ilikuwa inakatwa ili kulisha boila za migodi. Pande zote mbili mti ulihesabiwa kama joto lililolala ndani ya gogo, na hakuna aliyeuliza ulikuwa ukifanya nini ungali umesimama.

Aliyeuliza, kwa njia ya kuzunguka, alikuwa mtu wa reli. Magharibi ya msitu huu kuna ukanda wa ngano, ambako msitu wa aina hiyo hiyo ulifyekwa karibu wote ili kupisha mashamba. Garimoshi zilihitaji maji yasiyo na chumvi, na mhandisi mmoja wa reli, W. E. Wood, aliona kwamba mabwawa na vijito vilivyokuwa vitamu vilianza kuwa na chumvi miaka kadhaa baada ya miti kufyekwa. Mwaka 1924 alichapisha maelezo yake katika jarida la kisayansi la Australia Magharibi. Kwa maelfu ya miaka upepo na mvua kutoka baharini vilileta chumvi kidogo kidogo, nayo ikakaa ndani kabisa ya udongo, kwa sababu miti iliyanywa maji karibu yote ya mvua na kuyarudisha angani kabla hayajazama. Ngano hainywi kiasi hicho. Miti ilipoondoka maji yalizama, kina cha maji ya ardhini kikapanda, na chumvi ikapanda nayo. Wood hakusikilizwa vya kutosha. Kufyeka kuliendelea kwa miongo mingi, na leo zaidi ya hekta milioni moja za kusini-magharibi mwa Australia zimeharibiwa na chumvi.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na babu. Kanuni ni moja: mvua inayonyesha lazima irudi angani, au itiririke mtoni, au ibaki ardhini. Katika nyanda za juu za Kenya, mkaratusi unaokua kwa kasi ukipandwa kando ya mto mahali pa nyasi, sehemu ya kwenda angani huongezeka na ya mtoni hupungua, ndiyo maana mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru ing'olewe kwenye maeneo oevu na kando ya mito. Katika msitu mkavu wa Australia, kunywa huko huko ndiko kulikoizuia chumvi chini. Kwa hiyo kumwita mwizi hakutoshi. Inatakiwa kujua anachukua kiasi gani, wapi, na nini kingetokea asingechukua. Hata Afrika Mashariki swali hilo lilipimwa mapema, ingawa si kwa mikaratusi: kuanzia miaka ya 1950 Charles Pereira na wenzake wa taasisi ya Muguga walilinganisha mabonde madogo huko Kericho, Kimakia na Mbeya, wakipima mvua inayoingia na maji yanayotoka kijitoni. Kericho chai ililinganishwa na msitu wa asili, Kimakia misonobari ikalinganishwa na mianzi, na Mbeya mashamba ya wakulima yakalinganishwa na bonde lenye msitu.

Njia ya Pereira inahitaji kijito. Katika msitu usio na mto inabidi kupima hewa yenyewe, na kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi.

Wazo lake ni la zamani. Osborne Reynolds, mwanasayansi wa Manchester, alionyesha mwaka 1895 jinsi ya kutenganisha mwendo wa wastani wa maji au hewa na misukosuko inayouzunguka. Juu ya msitu, hewa haitulii. Imejaa mizunguko midogo na mikubwa inayopanda na kushuka. Mzunguko unaopanda ukibeba mvuke mwingi, na unaoshuka ukibeba mvuke kidogo, basi msitu unatoa maji. Unaoshuka ukiwa na hewa ukaa nyingi kuliko unaopanda, msitu unaivuta. Basi kinachotakiwa ni kupima kwa wakati mmoja, tena haraka sana, upepo unaelekea juu au chini na umebeba nini, kisha kuzidisha na kupata wastani. Ni kama karani anayesimama mlangoni akiandika kila anayeingia na anayetoka na mzigo wake, ila huyu anaandika mara 10 kwa sekunde.

Sehemu kubwa ya kazi hii ilifanyika Australia, jambo ambalo sikulijua. Mwaka 1946 Mwingereza C. H. B. Priestley alifika Melbourne kuanzisha kitengo cha fizikia ya hewa cha shirika la utafiti la taifa. Kitengo kilikaa Aspendale, kitongoji cha ufukweni. Mmoja wa watafiti wake, W. C. Swinbank, alichapisha mwaka 1951 vipimo vya joto na mvuke vilivyopatikana kwa njia hii ya mizunguko ya hewa. Vilikuwa vipimo vya dakika chache tu, na kuvisoma na kuvikokotoa kulichukua muda mrefu, maana kompyuta ya kufanya kazi hiyo haikuwapo. Baadaye A. J. Dyer na wenzake waliunda kifaa walichokiita Evapotron, kilichofanya hesabu ya kuzidisha kwa umeme papo hapo shambani. Kulikuwa na sababu ya Waaustralia kuhangaika hivi. Katika nchi kavu, kujua maji yanapotelea wapi ni suala la kuishi.

Mwaka 1980 watu watatu wa Aspendale, E. K. Webb, G. I. Pearman na R. Leuning, walitoa makala iliyowatia wapimaji wengine jasho. Kifaa cha kupima hewa ukaa huhesabu kiasi kilichomo katika lita moja ya hewa. Lakini hewa inayopanda kutoka kwenye ardhi yenye joto imetanuka, kwa hiyo lita yake moja ina kila kitu kidogo zaidi, hewa ukaa ikiwemo. Hewa inayoshuka ni baridi zaidi na imebana. Kwa hiyo hata kama hakuna jani hata moja linalofanya kazi, kifaa kitaonyesha hewa ukaa ikishuka kuelekea ardhini. Mtu angeweza kupima uwanja wa lami adhuhuri na kuambiwa kwamba unanyonya kaboni! Watatu hao walionyesha jinsi ya kusahihisha hesabu. Kadiri ardhi ilivyo kavu na yenye joto, ndivyo sahihisho linavyokuwa kubwa, na mara nyingine linalingana na kipimo chenyewe. Kwa msitu kama ule wa Credo, bila makala ile ya 1980 tungekuwa tunaandika hadithi za kubuni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Vipima upepo vinavyotumia mawimbi ya sauti na vipima gesi vinavyotumia mwanga viliimarika. Mwaka 1991 msitu wa Harvard huko Marekani ulianza kupimwa bila kukatiza, mwaka baada ya mwaka. Katika miaka ya 1990 mitandao ya minara ikaundwa Ulaya na Marekani, kisha ukaja mtandao wa dunia nzima uitwao FLUXNET. Australia ilianzisha wake, OzFlux, mwaka 2001, na mwaka 2009 serikali ikaunda TERN, chombo cha kugharamia uchunguzi wa muda mrefu wa mazingira.

Credo lilikuwa shamba la mifugo, umbali wa kilomita 110 hivi kaskazini-magharibi mwa Kalgoorlie. Serikali ya jimbo ililinunua mwaka 2007 kwa ajili ya hifadhi, na mwaka 2012 ukasimamishwa mnara wa mita takriban 36 katikati ya mikaratusi. Juu yake kuna kipima upepo, kipima gesi, na vifaa vya kupima mwanga wa jua unaoingia na unaorudi. Chini, udongoni, vimezikwa vipima joto na unyevu. Kila nusu saa yanapatikana majumuisho ya vitu vitatu: kaboni, maji na nishati.

Nishati ndiyo husahauliwa, lakini ndiyo inayounganisha hivyo viwili vingine. Kuvukiza lita moja ya maji kunahitaji joule kama milioni 2.4. Mahali penye unyevu, sehemu kubwa ya nguvu ya jua huishia katika kuvukiza maji, na hewa inabaki na ubaridi kiasi. Katika msitu mkavu maji hayapo, kwa hiyo nguvu hiyo hupasha hewa joto. Kisha inanyesha mvua ya siku moja, hata ya kiangazi ambayo haikutarajiwa, na ndani ya siku chache mgawanyo wote unageuka: mvuke unapanda, vijidudu vya udongoni vinaamka na kutoa hewa ukaa, na majani yanafuata. Baada ya majuma machache msitu unarudi katika ubahili wake.

Hata hivyo karani wetu wa mlangoni ana kasoro zake. Usiku upepo ukitulia, hewa ukaa inayotolewa na udongo hujikusanya chini bila kufika kwenye kifaa, na watafiti hulazimika kuyatupa masaa hayo na kuyakadiria. Tena, takriban kote duniani, ukijumlisha joto na mvuke uliopimwa, jumla huwa pungufu ya nishati iliyoingia, wastani kwa asilimia 20 hivi. Kuna maelezo mengi ya upungufu huo na mabishano hayajaisha. Nawapa heshima watafiti kwa kuliandika deni hili waziwazi kila wanapochapisha, kwa sababu biashara ya kaboni inayojengwa juu ya namba za namna hii haina unyenyekevu wa kiasi hicho.

Kwa nini msitu mkavu upimwe kwa gharama zote hizi, ilhali Amazon na Kongo ndizo zinazotajwa kila siku? Jibu lilitolewa na mwaka 2011. Mwaka huo nchi kavu za dunia zilivuta hewa ukaa kwa kiasi kisicho cha kawaida, na watafiti walipotafuta ilikokwenda, waligundua kwamba sehemu kubwa ilivutwa na maeneo kame ya kizio cha kusini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha karibu asilimia 60 ya ongezeko hilo na Australia, iliyokuwa imepata mvua nyingi mno. Nchi iliyodhaniwa tupu ilikuwa imetikisa hesabu ya dunia nzima. Lakini kaboni iliyohifadhiwa katika nyasi na majani ya mwaka wa mvua hurudi angani kwa ukame na moto. Iliyo katika shina la mkaratusi mzee ina usalama zaidi, mpaka moto utakapoufikia. Mikaratusi fulani ya huko, kwa mfano ule unaoitwa gimlet, ikiungua hufa na huanza upya kwa mbegu, na msitu wake huchukua mamia ya miaka kurudi kama ulivyokuwa.

Kuhusu moto kuna watu wenye hesabu ya zamani kuliko zote nilizotaja. Upande wa kusini wa msitu ni nchi ya Wangadju. Wakati kuni zinahesabiwa kwa tani hawakuulizwa, na ni mwaka 2014 tu ambapo mahakama ya shirikisho iliwatambua rasmi kuwa wenye haki ya asili juu ya ardhi yao. Siku hizi wana askari wao wa hifadhi, na ujuzi wao wa wapi pa kuchoma kidogo na wapi moto usikanyage kabisa umeandikwa kwa ushirikiano na watafiti wa shirika lile lile la taifa.

Afrika nzima ina minara michache ya aina hii ukiilinganisha na Ulaya au Marekani, na mikaratusi yetu, iliyosafirishwa mbali hivyo, mara nyingi inahukumiwa kwa kukisia. Wanachama wanaosoma jiografia au takwimu wajue kwamba data za Credo ziko wazi kwa yeyote kupitia TERN, nusu saa baada ya nusu saa. Nilipofungua faili la kwanza nililikuta na safu nyingi kuliko nilivyotarajia, na safu ya mvua ilikuwa sifuri, sifuri, sifuri, kurasa nyingi mfululizo.